KUBADILI MPANGO NI KUCHAGUA UPYA

Mwezi Mei 1969, akiuwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya Mkutano Mkuu wa TANU, Mwalimu Julius Nyerere alikumbusha kwamba kupanga ni kuchagua. Nchi isiyo na fedha za kutosheleza haja zake zote ikiamua kujenga zahanati mahali fulani, imeamua papo hapo kwamba kisima au barabara ya mahali pengine itasubiri. Maneno hayo yamekuwa kama methali. Husemwa katika semina na hurudiwa kila linapowekwa jiwe la msingi. Lakini yanahitajika zaidi siku ile ambapo kuta zimekwisha fika usawa wa lenta, mafundi wako juu ya jukwaa, na mtu mwenye cheo anashuka garini, anatazama kushoto na kulia, kisha anasema: "Hapa ongezeni chumba kimoja."

Kulisema agizo hilo la maneno manne huchukua nukta chache tu. Halina mchoro, halina bei, halina siku. Msemaji hupigiwa makofi, huingia garini na kwenda zake. Nyuma yake hubaki kamati ya ujenzi, mkuu wa shule na fundi, wakiwa na kazi mpya, fedha zile zile, na tarehe ile ile ya kukabidhi jengo. Hapo mpango umekwisha badilishwa, yaani uchaguzi mpya umefanyika; ila hapana aliyechagua kwa macho yaliyo wazi, na mambo yakiharibika hapana atakayekubali kwamba ndiye aliyechagua.

Kubadili kazi ya ujenzi iliyokwisha anza si dhambi. Ardhi huficha mengi: shimo la msingi huweza kukutana na mwamba au maji ambayo wapimaji hawakuyaona. Mahitaji nayo hukua. Tangu elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016, shule nyingi zimepokea watoto wengi kuliko waliotazamiwa, na ramani iliyochorwa kwa hesabu ya jana haiwezi kila mara kuwatosha watoto wa leo. Mhandisi anayekataa kila badiliko kwa sababu tu halimo katika ramani ni sawa na nahodha anayekataa kugeuza tanga upepo unapogeuka. Kwa hiyo kosa haliko katika kubadili. Kosa ni kuibadili kazi bila kubadili, kwa maandishi na kabla fundi hajaanza, siku na fedha za kazi hiyo.

Ratiba ya ujenzi haikuwekwa ili ipambe ukuta wa ofisi ya mradi. Ni mlolongo wa kazi zinazongojana. Msingi hungoja shimo. Ukuta hungoja msingi. Lenta hungoja ukuta. Kenchi hungoja mkanda wa juu. Bati hungoja kenchi. Plasta, sakafu na rangi hungoja bati. Zege nalo lina saa yake isiyosikia amri. Nguvu zake kwa kawaida hupimwa likiwa na umri wa siku 28, na kiongozi, hata awe na cheo gani, hawezi kuliamuru likomae kabla ya wakati wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu nchini Marekani walitengeneza njia ya kuhesabu mlolongo huo. Walionyesha kwamba katika kila mradi mna mfululizo wa kazi ambao ndio mrefu kuliko yote, na huo ndio unaoamua tarehe ya kumaliza. Kazi iliyomo katika mfululizo huo ikichelewa siku moja, mradi mzima huchelewa siku moja. Kazi iliyo nje yake ina akiba ya siku. Yaweza kungoja kidogo bila kumdhuru mtu.

Kwa sababu hiyo uzito wa badiliko haupimwi kwa ukubwa wake machoni. Kuagiza shule nzima ipakwe rangi nyingine, miezi miwili kabla ya rangi kununuliwa, huonekana jambo kubwa, lakini pengine halitachukua hata siku moja ya mradi. Kuagiza dirisha lipanuliwe kwa nusu mita, lenta ikiwa imekwisha mwagwa, ni jambo dogo masikioni. Lakini maana yake ni kuvunja, kusuka nondo upya, kumwaga zege upya na kungoja upya, huku mafundi wa kenchi wamekaa bila kazi na malipo yao yanahesabiwa. Agizo lile lile, kama lingetolewa ramani ingali mezani, lingegharimu kalamu na kifutio. Kadiri jengo linavyopanda, ndivyo bei ya kubadili mawazo inavyopanda nalo.

Na uchukuliwe mfano wa shule ya sekondari ya kata, ya aina wanayoifahamu walimu wote. Kamati imepewa fedha za madarasa manne na siku 120, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 28 Februari. Tarehe hiyo ya mwisho haikuchaguliwa ovyo. Shule iko mahali ambapo masika huanza mwezi Machi, na kabla ya hapo jengo halina budi liwe limeezekwa. Katikati ya Januari, kuta zikiwa zimefika usawa wa lenta, linakuja agizo la mdomo kwamba madarasa mawili kati ya hayo yageuzwe kuwa maabara.

Wazo ni jema, na hakuna mwalimu wa sayansi asiyelipenda. Lakini tofauti ya maabara na darasa haiishii katika meza ndefu. Maabara huhitaji bomba la kuleta maji na bomba la kuyatoa chini ya sakafu. Huhitaji masinki, meza imara za kudumu, njia ya gesi, chumba cha kuhifadhia kemikali, na madirisha ya kutoa hewa chafu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo katika ramani, wala katika mchanganuo wa vifaa, wala katika ratiba.

Kamati haiulizi. Inaanza kuchimbua upande mmoja wa msingi ili mabomba yapite. Ukuta wa kati unabomolewa ili chumba cha kemikali kipatikane. Fedha za bati zinanunua mabomba, kwa matumaini kwamba fedha nyingine "zitatafutwa". Siku 18 zinakwenda katika kuchimbua na kujenga upya, na nyingine katika kungoja masinki ambayo hayapatikani wilayani. Februari inakwisha bila bati. Mvua za Machi zinaangukia kuta zilizo wazi; saruji iliyowekwa katika chumba kisicho na paa inashika unyevu na kuganda ndani ya mifuko; mafundi wanaondoka kutafuta kazi kwingine. Badiliko lililodhaniwa kuwa la wiki mbili au tatu limekuwa la miezi kadhaa, kwa sababu limeusukuma mradi kutoka kipindi cha ukavu na kuuingiza katika masika. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa, jengo lingali bila paa.

Kisha mkaguzi anafika. Anakuta fedha za bati zimenunua mabomba, naye anauliza ni nani aliyeidhinisha. Mkuu wa shule anajibu kwamba aliagizwa. Mkaguzi anauliza: kwa barua ipi? Barua haipo. Aliyeagiza amekwisha hamishwa, au hakumbuki, au anasema alitoa ushauri tu. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Na hapa pamoja na mali limepotea jina jema la mtumishi ambaye kosa lake lilikuwa kutii haraka mno. Watoto waliokuwa waingie madarasa manne hawana madarasa wala maabara.

Wazo lile lile lingeweza kupitishwa njia nyingine. Siku ile ile kamati ingeliandika agizo hilo katika karatasi moja na kulipeleka kwa mhandisi wa halmashauri, ambaye angetakiwa kujibu maswali manne. Badiliko hili ni kazi gani hasa? Litagharimu kiasi gani? Litaongeza siku ngapi, na siku hizo zitaangukia msimu gani? Fedha zake zitatoka katika kifungu gani? Majibu hayo yakiwa mezani, mwenye mamlaka ya kuamua angekuwa na njia nne za haki. Ya kwanza ni kulikataa badiliko. Ya pili ni kuliahirisha: madarasa manne yamalizwe na kuezekwa kwanza, na maabara ijengwe katika awamu nyingine kwa ramani yake yenyewe. Ya tatu ni kubadilishana: kitu fulani kipunguzwe katika kazi ili maabara ipate nafasi. Ya nne ni kulikubali pamoja na fedha zake na tarehe mpya. Kulikubali badiliko na kuendelea kuitangaza tarehe ya zamani hakumo katika hesabu hiyo. Huo ni uongo unaongoja siku ya kufichuka.

Wala hasara ya kulichezea jambo hili haizihusu nchi maskini peke yake. Jumba la Opera la Sydney, nchini Australia, ni ushahidi unaojulikana na wajenzi duniani kote. Msanifu wa Kidenmark, Jørn Utzon, alishinda mashindano ya mchoro wa jumba hilo mwaka 1957. Makisio ya kwanza yalikuwa sawa na dola za Australia milioni 7, na kazi ilitazamiwa kumalizika Januari 1963. Ujenzi ulianzishwa Machi 1959 hali michoro haijakamilika, kwa sababu serikali ya jimbo la New South Wales ilihofia kwamba ikingoja, fedha na uungaji mkono wa watu vingeiponyoka. Wakati huo hata namna ya kulijenga paa lile lenye umbo la makombe ilikuwa haijapatikana. Ilipopatikana baada ya miaka kadhaa, nguzo zilizokwisha simamishwa zilionekana haziwezi kulibeba, zikajengwa upya.

Hayo yalikuwa malipo ya kuanza kabla ya kupanga. Yaliyofuata yalikuwa malipo ya kubadili matumizi ya jengo likiwa limekwisha simama. Ukumbi mkubwa ulikusudiwa utumike kwa opera na kwa muziki wa okestra pia. Baada ya Utzon kujiuzulu mwaka 1966, kufuatia ugomvi wake na serikali juu ya malipo na madaraka, iliamuliwa kwamba ukumbi huo uwe wa okestra, wenye viti vingi zaidi, na opera ihamie katika ukumbi mdogo. Mitambo ya jukwaa iliyokwisha fungwa katika ukumbi mkubwa ikang'olewa. Jumba lilifunguliwa Oktoba 1973, miaka kumi baada ya tarehe ya kwanza, likiwa limegharimu dola milioni 102, yaani zaidi ya mara 14 ya makisio ya awali.

Leo dunia nzima inalisifu jumba hilo, na mwaka 2007 UNESCO iliandika jina lake katika orodha ya urithi wa dunia. Wapo wanaozitumia sifa hizo kusema kwamba kuchelewa si neno, mradi kazi ipendeze. Hiyo ni hoja ya mwenye mfuko mnene. Sehemu kubwa ya gharama za Sydney ililipwa kwa fedha za bahati nasibu; halmashauri ya wilaya haina bahati nasibu ya kulipia mawazo yaliyokuja yamechelewa. Tena hata huko Sydney ukumbi mdogo uliopewa opera ulilalamikiwa kwa miaka mingi kuwa ni finyu kwa kazi hiyo. Uzuri wa makombe ya nje haukuiponya kasoro iliyozaliwa na badiliko la ndani.

Mfano wa kinyume uko hapa hapa, katika reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Makubaliano ya Tanzania, Zambia na China yalitiwa sahihi Beijing mwezi Septemba 1967, lakini hapana aliyekimbilia kutandika mataruma mwezi uliofuata. Wapimaji walikwenda porini kwa miguu, na kazi ya kupima na kuchora iliendelea hadi mwaka 1970. Jambo gumu la upana wa reli, ambalo lingeweza kuuvuruga mradi katikati ya safari, liliamuliwa kabla ya ujenzi. Reli za Afrika Mashariki zilikuwa na upana wa milimita 1,000, na za Zambia milimita 1,067. Ulichaguliwa upana wa Zambia, ili mabehewa yaweze kuendelea hadi kusini bila mizigo kupakuliwa. Uchaguzi huo ulikuwa na hasara yake, kwani mabehewa hayakuweza kupita moja kwa moja kati ya reli mpya na Reli ya Kati. Lakini hasara hiyo ilijulikana na kukubaliwa mapema. Haikuzuka wakati mafundi wako kazini.

Ujenzi wa reli hiyo ulianza Oktoba 1970. Kilomita 1,860, pamoja na ile sehemu ngumu ya milima, madaraja na mahandaki kati ya Mlimba na Makambako, zilikamilika mwaka 1975, na reli ilikabidhiwa kwa nchi mbili hizo Julai 1976, kabla ya wakati uliopangwa. Jasho la wafanyakazi wa Kitanzania, Kizambia na Kichina ndilo lililoijenga, na hapana awezaye kulipunguzia sifa yake. Lakini jasho hilo halikumwagika mara mbili mahali pamoja. Miaka iliyotumiwa kwa kupima ndiyo iliyozaa muda uliookolewa katika kujenga.

Katika siku za karibuni walimu na watumishi wa halmashauri wameliona somo hilo kwa macho yao. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali ilianza kujenga madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya shule za sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kazi kubwa kiasi hicho iliwezekana katika muda wa miezi michache kwa sababu darasa lilijulikana ni kitu gani kabla ya jembe la kwanza kupigwa. Ingekuwa kila kata imejichagulia umbo lake kila wiki, fedha zile zile zingezaa kuta nyingi na paa chache.

Taratibu za kushughulikia mabadiliko hazihitaji kubuniwa upya. Mikataba ya mfano ya Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, FIDIC, ambayo hutumika katika miradi mingi mikubwa, ina sura nzima kuhusu jambo hili. Mhandisi hutoa agizo, kazi mpya hukadiriwa thamani yake, na muda wa kumaliza hurekebishwa pale badiliko linapougusa. Katika matoleo ya mwaka 1999 na 2017, mkandarasi anayedai nyongeza ya siku au fedha hutakiwa kutoa taarifa katika muda wa siku 28 tangu alipolijua, au alipopaswa kulijua, tukio lililomletea dai hilo. Maana ya sharti hilo ni nyepesi. Jambo lizungumzwe likiwa bado bichi, shimo likiwa bado wazi na mashahidi wakiwa bado kazini, na si mwaka mmoja baadaye watu wanapogombania kumbukumbu.

Yafaa watendaji walijue na jambo jingine. Kwa kanuni ya sheria za mikataba zenye asili ya Uingereza, mwajiri hawezi kumtoza mkandarasi fidia ya kuchelewa kwa siku ambazo mwajiri mwenyewe ndiye aliyezichelewesha. Ofisa anayeongeza kazi kwa mdomo, kisha akakataa kuongeza siku ili aonekane mkali, hailindi mali ya umma hata kidogo. Amempa mkandarasi mzembe ngao ya kujikinga nayo siku ya kesi, na amelifungulia taifa mlango wa kulipa mara mbili: kulipia kazi iliyoongezwa, na kulipia ugomvi wake.

Hayo hayana maana kwamba wakandarasi wote ni malaika. Wapo wanaotaja bei ya chini ili washinde zabuni, wakitumaini kujirudishia faida katika nyongeza. Kwao badiliko moja dogo hugeuka kuwa kisingizio cha kila siku iliyopotea, zikiwamo zile walizozipoteza wenyewe kwa kukosa kokoto au kwa kuwapeleka mafundi kwenye kazi nyingine. Dawa yao ni daftari la kazi la kila siku, linalotiwa sahihi na pande zote mbili, pamoja na ratiba ya awali isiyofutwa. Ratiba mpya iwekwe kando ya ile ya zamani, na tofauti kati yao ielezwe: siku hizi 18 ni za badiliko lililoidhinishwa, siku hizi 30 ni za mvua, siku hizi 12 ni za uzembe wa mkandarasi naye atazilipia. Ratiba inayofutwa na kuandikwa upya kila mwezi, ili kila mara kazi ionekane iko katika wakati wake, haimsaidii mtu isipokuwa mwenye la kuficha.

Lakini mzigo mkubwa kuliko yote uko mabegani mwa viongozi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye jeuri na dharau kwa wale wanaowaongoza. Wengi hudhani kwamba jeuri ni makelele na matusi. Agizo la hadharani lisilo na fedha wala siku ni jeuri pia, hata likitolewa kwa tabasamu, kwa kuwa humnyima mtaalamu nafasi ya kusema ajualo na humwachia mdogo deni la mkubwa. Kiongozi kutembelea miradi ni wajibu wake, na akiona kasoro ni lazima aiseme. Ila kauli yake iwe hoja inayotakiwa kujibiwa na wataalamu katika siku chache, wala isiwe amri kwa fundi aliye juu ya jukwaa. Asubuhi anapita wa wilaya na kuongeza chumba. Jioni anapita wa mkoa na kuhamisha mlango. Kesho yake anatokea mfadhili na kutaka veranda. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Watumishi nao wasijifiche nyuma ya woga. Methali husema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini katika mfano wa maabara aliyevunjika guu ni yule aliyesikia bila kuandika. Mtumishi anayejibu, "Ndugu Kiongozi, agizo limepokewa, na kesho utaletewa makisio ya fedha na siku ili uidhinishe," hajakaidi. Amemheshimu kiongozi wake kuliko yule anayeitikia "ndiyo" huku akijua kwamba mabati hayatatosha. Kiongozi wa kweli atamshukuru. Asiyeshukuru atakuwa ameonyesha kwamba hakutaka maabara, alitaka makofi.

Watasema wengine kwamba kuandika na kuidhinisha ni urasimu, na kwamba wananchi wanataka majengo, hawataki mafaili. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake, nao haufai kupuuzwa. Iwapo kamati itaandika ombi la badiliko leo, na jibu likatoka halmashauri baada ya miezi mitatu, basi faili lenyewe limekuwa sababu ya kuchelewa, na walioliweka mezani wanastahili lawama sawa na aliyetoa amri ya mdomo. Ucheleweshaji wa aina hiyo ndio unaowasukuma watu wema kuzipita taratibu. Kwa hiyo sharti liwe la pande mbili: anayetaka badiliko aliandike, na anayepaswa kulijibu awekewe siku za kujibu, naye ahesabiwe siku anazozipitiliza kama mkandarasi anavyohesabiwa zake. Karatasi moja iliyojibiwa katika juma moja haiwezi kuitwa urasimu, hasa ikipimwa na jengo linalosimama masika yote bila paa.

Hatimaye wako wenye mali yenyewe. Katika kata nyingi wananchi huchimba msingi, husomba mchanga na mawe, na huchanga kabla fedha za Serikali hazijafika. Mbele ya jengo husimamishwa kibao kinachotaja jina la mradi, fedha zake, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Tarehe hiyo ni ahadi waliyopewa watu hao. Mradi unapobadilishwa kwa haki, kibao nacho kibadilishwe: tarehe ya zamani iachwe isomeke, chini yake iandikwe tarehe mpya, pamoja na sababu yake na cheo cha aliyeidhinisha. Mstari huo mmoja wa rangi utawafanya wengi wafikiri mara mbili kabla ya kufungua midomo yao. Wale watakaoendelea kuagiza baada ya kufikiri watakuwa wametenda kama Mwalimu alivyofundisha: watakuwa wamechagua, na kila mwananchi anayepita njiani ataweza kusoma walichokichagua.